Chukudu Isiyobeba Mzigo

Katika mji wetu wa Butembo, chombo kisicholeta faida huonekana kama mgeni asiyejua kuaga. Sisi ni watoto wa wakulima na wafanyabiashara. Tumekua tukisikia habari za wazee waliopanda malori kwenda Kampala, na za wengine waliopanda ndege kwenda Dubai na Guangzhou, wakarudi na vitambaa, mabati na vipuri. Kwa hiyo, mtu wa kwetu akiona kitu chenye magurudumu kimesimama uani, maswali yake huwa ni yaleyale: "Inabeba nini? Inaingiza ngapi kwa siku?" Kwa miaka kadhaa tulikuwa na jibu moja tu la kumpa, nalo lilitutia haya. Haibebi kitu. Inatubeba sisi tu, tena mmoja mmoja, na haijaingiza hata faranga moja.

Tunazungumza juu ya chukudu yetu. Ninyi mlio wa Kivu ya Kaskazini hamhitaji kuelezwa chukudu ni nini. Kwa wasomaji wa mbali tuseme hivi: ni chombo cha mbao chenye magurudumu mawili, kisicho na injini wala pedali. Penye tambarare, mwenye nacho huweka goti moja juu ya ubao na kusukuma kwa mguu mwingine. Penye mlima, hukikokota kwa jasho. Penye mteremko, hupanda juu na kumwachia mlima kazi. Kwa chombo hicho viazi na kabichi vya Lubero hufika sokoni, na makala hufika jikoni. Mjini Goma kimesimamishiwa sanamu kubwa katikati ya barabara, iliyozinduliwa mwaka 2009, kwa sababu maelfu ya familia zimekula na kusoma kwa nguvu ya mbao hizo.

Ya kwetu haikuwa ya namna hiyo. Mwaka 2016 tulikuwa vijana sita wa mtaa mmoja, wavulana wanne na wasichana wawili, tumemaliza masomo ya sekondari na hatujui kesho itatupeleka wapi. Kila Jumapili baada ya misa tulikaa juu ya kilima na kuwatazama wasukuma chukudu wakishuka na mizigo yao, wameinama, vumbi jekundu likiwafuata. Mmoja wetu akasema: "Laiti chombo kile kisingekuwa na mzigo, kingekimbiaje?" Neno hilo halikutuacha tulale. Tukaanzisha likilimba, kila mtu akatoa kidogo kila juma. Fedha hizo hazikutosha kununua chukudu nzima, basi tukanunua vipande: leo ubao, mwezi ujao beringi mbili zilizotolewa katika pikipiki iliyokufa, kisha tairi kuukuu la gari, kisha boliti za kufungia usukani.

Tulipokuwa na vipande vya kutosha, tulimwendea mzee mmoja fundi seremala ambaye karakana yake ina picha ya Mtakatifu Yosefu mlangoni. Akatuuliza: "Wanangu, mnataka ya viazi au ya makala?" Tukamjibu: "Papa, tunataka ya kushukia mlima tu." Alicheka mpaka akaweka randa chini. Baadaye akanyamaza, akaupima ubao wetu wa mkaratusi kwa vidole, akasema: "Chombo cha mzigo nakitengeneza kinene, hata mwenyewe akisahau kukitazama mwezi mzima kitamvumilia. Hiki mnachotaka ni chembamba. Chembamba hukimbia, lakini hakisamehi. Mtaweza kukitunza?" Tukaitikia kwa sauti moja kwamba tutaweza. Ni rahisi sana kuitikia mkiwa sita.

Baadaye ndugu wa mmoja wetu, anayeishi Ubelgiji, alipoona picha ya chombo chetu kwenye simu, alituandikia kwamba huko Ulaya wapo watu wazima wanaofanya jambo lilelile kwa magari. Hapo ndipo tuliposoma habari za Mwingereza Colin Chapman. Mwaka 1957 alianza kuuza gari dogo la michezo liitwalo Lotus Seven. Mnunuzi aliweza kulichukua likiwa vipande na kuliunganisha mwenyewe nyumbani. Wengi walifanya hivyo kwa sababu ya kodi: serikali ya Uingereza ilitoza kodi ya ununuzi juu ya gari lililokamilika, na mwenye kununua vipande aliepuka kodi hiyo. Mwaka 1973 kodi ile ya zamani ikaondolewa, na mwaka huohuo kampuni ya Caterham ikapokea haki ya kulitengeneza gari hilo. Tangu hapo sababu ya kodi haikuwapo tena, lakini watu hawakuacha kununua vipande. Mpaka leo wapo wanaotumia jioni zao katika banda la nyumba wakikaza nati, ili Jumamosi waendeshe gari lisilo na nafasi ya mzigo wala ya watoto.

Habari hiyo ilitufariji. Tulijua pia kwamba katika mji wetu wenyewe pikipiki nyingi hufika zikiwa ndani ya masanduku, na mafundi wetu huziunganisha kando ya barabara. Kumbe kuunganisha chombo kwa mikono yako si ujinga wa watoto. Na jambo moja zaidi lilitugusa: Chapman naye alitafuta wepesi kuliko nguvu. Tukajiambia kwamba fundi wetu wa Butembo na yule Mwingereza wangeelewana bila mkalimani.

Basi tukajifunza kutunza. Tuwaeleze kazi hiyo, kwa maana ndiyo kiini cha makala hii. Mbao hunywa maji. Katika majira ya mvua, ambayo kwetu ni marefu, ubao huvimba na boliti hukaza zenyewe; jua likirudi, ubao husinyaa na boliti hulegea bila kukuarifu. Kwa hiyo kila Jumamosi tulipitia boliti zote kwa spana moja tuliyokuwa nayo. Beringi huingiwa na vumbi. Tulizitoa, tukazisafisha kwa mafuta ya taa, tukazipaka grisi. Ukanda wa mpira unaozunguka gurudumu hushikwa na misumari. Msumari mmoja ukichomoza, gurudumu huanza kuruka. Na mwisho breki, ambayo ni kipande cha tairi kilichopigiliwa juu ya gurudumu la nyuma. Unakikanyaga, nacho kinalikandamiza gurudumu. Kila mshuko hula sehemu yake. Kipande kilichokuwa kinene kama kidole hugeuka kuwa chembamba kama ganda la ndizi, na hapo lazima kibadilishwe.

Tulikuwa na daftari. Kila kazi iliandikwa pamoja na jina la mwenye zamu na alama ya kwamba imefanyika. Tulilipenda daftari lile. Tulilionyesha kwa wazazi wetu kama ushahidi kwamba mchezo wetu una nidhamu.

Sasa tunafika mahali ambapo kalamu inakuwa nzito.

Mnamo Desemba 2017 zamu ya breki ilikuwa ya mmoja wetu. Hatutasema ni nani, maana tumekubaliana kwamba lilikuwa kosa la wote. Alikuwa na haraka siku ile. Akaweka alama katika daftari, akikusudia kubadilisha kipande jioni, na jioni ikampita. Kesho yake tulikwenda mlimani. Breki ilikuwa mbele ya macho yetu sote. Kila mmoja aliona wembamba wake, na kila mmoja akaona pia alama katika daftari, akachagua kuiamini alama. Mwenzetu mdogo kuliko wote akapanda. Mama yake na baba yake walikuwa wakulima wa kakao upande wa Mbau, kaskazini ya Beni. Yeye aliishi Butembo kwa shangazi yake kwa ajili ya masomo. Akashuka vizuri hadi kwenye kona ya chini, akakanyaga breki, na hapakuwa na breki. Aliacha chombo na kuangukia mfereji. Mkono wake wa kulia ulivunjika mahali pawili.

Tulipokuwa tukimbeba, kabla hata hajaacha kulia, tulikwisha kutunga hadithi. Tulisema mbuzi alikatiza barabara.

Kwa nini mbuzi? Kwa sababu karibu na kona ile aliishi mama mmoja mjane ambaye mbuzi wake hawakufungwa kila siku, na mtaa mzima ulilalamika juu yao. Uongo wetu ulipata kiti kilichokwisha kuandaliwa. Shangazi wa mwenzetu akaenda kwa mama yule kudai msaada wa matibabu. Mama hakubisha. Alisema: "Inawezekana, wanyama hawa ni wakorofi." Juma lile aliuza mbuzi mmoja sokoni, akaleta fedha zote. Sisi tulikuwapo alipozileta. Mwenzetu naye alikuwapo, mkono wake umefungwa. Hakuna aliyefumbua kinywa. Tuliogopa kwamba wazazi wangevunja chukudu kuwa kuni, tena tuliogopa zaidi kwamba daftari letu zuri lingeonekana kuwa daftari la uongo.

Tangu siku hiyo mchezo ulikuwa na ladha nyingine. Tulibadilisha breki, tukakaza boliti, tukashuka mlima. Lakini kila tulipofika kwenye kona ile, tulitazama upande mwingine.

Kisha ukaja mwaka 2018. Tarehe 1 Agosti ilitangazwa kwamba Ebola imezuka Mangina, katika eneo la Beni, na baada ya muda ikafika Butembo kwetu. Hamhitaji tuwakumbushe: ndoo za maji ya klorini milangoni, salamu zisizo na mikono, amani ya misa iliyotolewa kwa kuinamisha kichwa. Ugonjwa ule haukutangazwa kumalizika mpaka tarehe 25 Juni 2020, na watu 2,287 walikuwa wamekufa. Chukudu ilisimama bandani. Hatukuweza kushika usukani mmoja sisi sita kwa zamu, wala kukaa pamoja juu ya kilima. Wakati wa maziko ya jirani mmoja, tuliosimama mbali mbali, tulimwona yule mama mjane akipita na ndoo yake. Kila mmoja wetu, bila kuwaambia wengine, alifikiri jambo lilelile: huyu mama akifa, au mimi nikifa, mbuzi yule atabaki barabarani milele.

Hata hivyo hatukusema. Woga unaweza kukaa muda mrefu kuliko ugonjwa.

Mwenzetu aliyevunjika mkono alikuwa amerudi kwa wazazi wake mwaka 2019 kusaidia shambani. Mnajua hali ya vijiji vya Beni tangu mauaji yalipoanza Oktoba 2014. Mwaka 2021, mwaka ambao hali ya kuzingirwa ilitangazwa katika jimbo letu na Ituri, familia yake ilikimbia usiku. Waliacha kakao iliyokwisha kuiva. Walikaa kwanza mjini Beni, kisha wakapanda gari kuja Butembo, kilomita kama 54, wakiwa na magodoro mawili na sufuria. Tulikwenda kuwapokea kwa shangazi. Tulitaka kumpa pole, nasi tulikuwa tumekubaliana kumletea zawadi: chukudu. Tulisema, aichukue, abebe mizigo, alishe wadogo zake. Tulijiona wakarimu sana.

Alikwenda bandani, akaigeuza chukudu, akapitisha mkono chini ya ubao. Funza wa mbao walikuwa wameanza kula upande mmoja. Akatabasamu. "Hii haiwezi kubeba gunia hata moja," akasema. "Ilitengenezwa ili isibebe. Mnanipa kitu ambacho hakiwafai tena." Tulinyamaza kwa aibu. Kisha akasema neno ambalo hatukulitegemea: "Kule tulikotoka nimeona watu wakiondoka na vitu viwili mkononi. Nilipokuwa njiani nilijiuliza mimi nimebeba nini. Nimembeba mbuzi yule, miaka minne. Nataka kumrudisha."

Tulijadiliana usiku kucha. Mmoja alisema tuiuze chukudu tulipe. Tulimwendea fundi, naye akatuambia wazi kwamba katika mji wa mizigo hakuna atakayetoa dola moja kwa chombo kisichobeba mzigo, isipokuwa mwenye kutaka kuni. Mwingine alisema tutoe fedha zetu kimyakimya, tuziweke mlangoni pa mama usiku. Mwenzetu alikataa. "Fedha zisizo na jina," akasema, "zitamfanya afikiri ni malaika. Si malaika aliyemla mbuzi wake."

Basi tukafanya hivi. Tulirudi kwa fundi, safari hii tukamwomba chukudu ya viazi. Alitutazama, akasema: "Mbao nitawapa kwa mkopo. Kazi mtaifanya wenyewe, mnaijua." Na kweli tuliijua. Hapo ndipo tulipogundua kile ambacho mchezo ulikuwa umetuachia. Tulijua ubao gani utavimba na upi utapasuka. Tulijua kuchonga tundu la beringi lisilolegea. Tulijua breki inahitaji kipande kinene kiasi gani. Kwa majuma matatu tulichonga, na chombo kikatoka kipana, kirefu, kizito, kisichopendeza macho, chenye uwezo wa kubeba magunia. Mwenzetu alianza kazi ya kubeba viazi hadi sokoni. Mkono wake wa kulia hunyooka vizuri, ingawa humuuma siku za baridi. Sisi wengine tulimsaidia kusukuma milimani kila tulipopata nafasi. Kutokana na malipo ya kwanza alilipa mbao. Kutokana na yaliyofuata, pamoja na michango yetu, tulinunua mbuzi.

Tulimpeleka Jumapili alasiri, sote sita, tukiwa tumekwisha kuwaambia wazazi wetu na shangazi. Hatutasahau nyuso zao. Lakini hilo ni jambo la nyumba zetu. Yule mama alitukaribisha, akatupa viti viwili na benchi. Tukamweleza kila kitu: breki, alama katika daftari, hadithi ya mbuzi. Alisikiliza mpaka mwisho akiwa ameshika kamba ya mbuzi mkononi. Tulitazamia alie, au atufukuze, au atubariki. Alimtazama mbuzi wetu meno na miguu, kama afanyavyo mnunuzi, akasema:

"Wanangu, yule niliyemuuza alikuwa na mimba."

Hakusema zaidi. Akaenda kumfunga mbuzi nyuma ya nyumba, akarudi na ndizi za kuchoma, tukala. Njiani hakuna aliyenung'unika. Tulihesabu tu: tunadaiwa tena. Ilituchukua miezi mitano kumpelekea wa pili. Alipompokea alisema asante, na tangu hapo hutusalimu kwa majina.

Wapendwa vijana, hatuwaandikii ili kuwaonya dhidi ya michezo. Watu wengi waliposikia habari hii walisema: "Mnaona? Vitu visivyo na faida huleta hasara." Sisi tunafikiri tofauti. Chukudu nyembamba haikutudanganya hata siku moja. Ilipotunzwa ilishuka salama, ilipoachwa ilianguka. Waliosema uongo ni sisi, na tuliusema kwanza katika daftari, kabla ya kuusema barabarani. Alama ndogo ya kalamu, ambayo mtu huiweka akisema "nitafanya jioni", ndiyo iliyomgharimu mama mjane mbuzi wake. Mnaweza kuwadanganya wazazi na jirani. Mteremko hausomi daftari.

Chukudu ya kwanza bado tunayo. Tumekata sehemu iliyoliwa na funza na kuweka ubao mpya. Haiingizi kitu hata leo. Jumamosi tunaigeuza, tunapitia boliti, tunapaka grisi, tunapima kipande cha breki kwa kidole. Hatuweki tena alama katika daftari mpaka wenzetu wawili wameona kwa macho na kugusa kwa mkono. Kisha Jumapili tunashuka, mmoja mmoja. Tukifika kwenye kona ya chini tunakanyaga breki na kuinua mkono, maana mara nyingi mama yule amekaa mlangoni, na mbuzi wake, ambao bado hafungi kila siku, wamesimama kando ya barabara.

Ya kuzungumza katika kikundi:

1. Ni alama gani tunaziweka, shuleni, nyumbani au parokiani, kwa kazi ambazo hatujazifanya?
2. Kosa likiwa la watu sita, nani huanza kulisema? Kwa nini sisi tulingoja miaka minne?
3. Je, yupo mtu katika mtaa wetu ambaye ni rahisi kumsingizia kwa sababu watu wamekwisha kumlalamikia?
4. Kurudisha kitu ni kurudisha kiasi gani? Mngemjibuje mama yule kuhusu mbuzi wa pili?